Pumziko na mkazo kwenye sikwensa ya Moog 960: safu ya tatu au triga za hatua?

Moog 960, moduli ya sintesaiza inayopiga mfululizo wa noti hatua kwa hatua, ina hatua 8 na safu 3 za nobu zinazoweka volti ya kila hatua, na swichi iliyo chini ya kila hatua haileti pumziko: ukiiweka kwenye nafasi ya kuruka, hatua hiyo huondoka kabisa na mzunguko unabaki na mapigo 7. Kwa hiyo kimya lazima kitafutwe kwingine.

Njia ya kwanza ni kupeleka volti ya safu ya tatu kwenye amplifaya ya pili, iliyowekwa baada ya ile inayoongozwa na envelopu (saketi inayoamua jinsi kila noti inavyoinuka na kufifia). Nobu ya hatua ya 4 ikishushwa hadi sifuri unapata pumziko, na ya hatua ya 7 ikipandishwa unapata mkazo. Hatua nyingine hukaa katikati, kila moja kwa uzito wake. Uhuru huo naupenda sana, hasa kwa besi, lakini una gharama: amplifaya hufungwa ghafla, na mkia wa noti iliyotangulia hukatwa kama kwa kisu.

Njia ya pili hutumia matundu ya triga ya kila hatua, yaani yanayotoa mpigo wa umeme wa kuanzisha noti. Unaunganisha kwenye envelopu hatua zinazopaswa kulia tu, hivyo noti iliyotangulia hufifia yenyewe wakati wa pumziko. Mkazo huhitaji envelopu nyingine, kwa mfano ya kufungua filta ili sauti ing'ae zaidi, na waya huongezeka haraka.

Kwa sauti zenye mkia mrefu nachagua triga bila kusita. Kwa besi fupi na kavu, safu ya tatu inatosha.