Skii ya Tryvann, Oslo: lipia mwalimu, ndugu waache wakupige picha

Watu wa hapa Mwanza wanaokwenda Oslo kimasomo au kikazi majira ya baridi huniuliza kama Tryvann, mlima wanakotelezea theluji kwa mbao za skii miguuni, panamfaa mtu mzima ambaye theluji anaiona kwenye simu tu. Panafaa, ila nenda moja kwa moja kwenye somo la wanaoanza. Mtoto wa dada yangu anasoma huko, akang'ang'ania kunifundisha mwenyewe: "Mama mdogo, mbona rahisi, unajiachia tu unateremka." Huko kujiachia ndiko nilikokuwa sikutaki. Nikalipia mwalimu.

Unapanda treni namba 1 kutoka katikati ya jiji mpaka Voksenkollen, ndani abiria wamebeba mbao zao za skii bila kushangaza mtu, halafu unamalizia na basi. Wenyewe wanapaita mlimani, lakini juu kabisa hapafiki mita 550 kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita zaidi ya 1,130. Yaani anayekula sato pale Capri Point yuko juu kuwashinda wote wale! Theluji wanaipata kwa kuwa wako mbali kaskazini, na ikipungua wana mitambo ya kupuliza maji hewani yaangukie chini yameganda.

Kwenye kukodi vifaa utaulizwa uzito wako. Niliutaja kwa sauti ya chini. Si umbea, ndio wanaoutumia kukaza kifungio kinachoshika buti kwenye ubao, ili ukianguka vibaya kiachie kabla mguu haujavunjika. Buti lenyewe ni plastiki ngumu na linabana ugoko. Vaa soksi moja ndefu. Mbili zinazidisha maumivu.

Mwalimu wetu, binti mdogo tu, hakutupatia zile fimbo za skii za mkononi. Alianza na ubao mmoja mguuni, tutembee hivyo hivyo. Kisha akatufundisha kuanguka na kuinuka: mbao zikae upande wa chini, zikingame mteremko, ndipo ujisukume. Baada ya hapo breki. Ncha za mbele zinakaribiana, visigino unavisukuma nje, unapunguza mwendo. Kukata kona kulia, uzito unaupeleka mguu wa kushoto. Kilichonisumbua ni woga: ukiogopa unaegemea nyuma, na ukiegemea nyuma mbao hazikusikilizi tena. Yule binti akawa anateremka kinyumenyume mbele yangu, mikono ameinyoosha bila kunigusa, anarudia neno moja tu, "ugoko, ugoko", niubonyeze mbele kwenye buti. Ilipokubali nilipiga kelele hadi watoto wa chekechea waliokuwa wananipita wakageuka.

Kurudi juu unasimama kwenye mkanda wa mpira unaokupandisha taratibu. Ni kama ule wa kiwanda chetu cha samaki, ila safari hii sangara ni mimi.

Baridi haikunitisha, kazi yangu ni chumba cha kugandishia minofu, nyuzi 18 chini ya sifuri. Giza ndilo lilinichosha. Desemba jua linazama kwenye saa tisa na robo alasiri, mnaendelea kwa taa. Nguo usinunue huko. Nenda soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, makoti na suruali za skii zimo kwenye mitumba, na washindani wako ni bodaboda wa alfajiri tu. Hakikisha zipu inafunga na maji hayapenyi, kwa sababu utakaa sana chini.

Kama magoti yako yana matatizo, achana na skii, panda treni hiyohiyo hadi mwisho, Frognerseteren. Pale wanakodisha sleji, kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza kwenye theluji. Unaikalia na kushuka njia ya Korketrekkeren, kama kilomita 2, ambako walishindania mbio za bobsleji za Olimpiki ya 1952, mpaka kituo cha Midtstuen, kisha treni inakurudisha juu. Huko mwalimu hakuna, na breki ni visigino vyako.