PulseAudio au PipeWire: Ipi Ibaki Kwenye Kompyuta?
Katika studio ndogo hapa Moshi, kompyuta ya Linux inaponyamaza ghafla, mara nyingi seva mbili za sauti, yaani programu zinazopitisha sauti kati ya programu nyingine na kadi ya sauti, zinagombea kadi moja. PulseAudio, iliyozoeleka tangu Fedora 8 (toleo la Fedora, mfumo wa familia ya Linux) ya mwaka 2007, inatosha kwa muziki na simu za video, lakini anayerekodi kwaya huongeza JACK, seva nyingine ya sauti kwa kazi za studio, na hapo ndipo ugomvi huanza. PipeWire, ambayo Fedora 34 iliipa nafasi ya PulseAudio mwaka 2021, huhudumia programu za PulseAudio na za JACK pia. Kwa kurekodi, ningeichagua bila kusita. Amri ya "pactl info" huonyesha seva inayojibu. PulseAudio na PipeWire zikiwashwa zote mbili, PulseAudio isizimwe tu bali izuiwe kabisa, kwani soketi yake (mlango ambao programu hupitia kuiita) huiamsha tena, na pipewire-pulse, sehemu ya PipeWire inayohudumia programu za PulseAudio, ishike nafasi yake.