Kipokezi cha RTL2832U na mwangwi wa vilima vya Kampala

Kifaa hiki kidogo cha USB chenye chipu ya RTL2832U, nilichokinunua katika duka la elektroniki katikati ya Kampala, kiliundwa kwa ajili ya televisheni ya DVB-T, na kwa kuwa Uganda hutumia DVB-T2, mfumo mpya zaidi ambao chipu hii haiusomi, anayetaka kutazama taarifa ya habari asikiguse. Thamani yake iko kwingine. Tangu 2012 imejulikana kwamba chipu hii huweza kuipa kompyuta sampuli ghafi za mawimbi, yaani vipimo vya wimbi kabla ya kuchakatwa, takriban milioni 2.4 kwa sekunde, na kazi iliyobaki ya redio ikafanywa na programu.

Nilikitaka kwa jaribio moja. Ninakaa Bwaise, bondeni, ambako mawimbi ya FM kutoka Kololo na Naguru hunifikia yakiwa yamegonga vilima na majengo, hivyo nakala kadhaa za wimbi lilelile huingia kwenye antena kwa kupishana. Dawa ya mwangwi huo ni kisawazishi, yaani kichujio kinachojirekebisha chenyewe. Kanuni ya LMS ya Widrow na Hoff, ya mwaka 1960, ambayo hurekebisha kichujio hatua kwa hatua ili kosa lipungue, huhitaji ishara sahihi ya kujilinganisha nayo, na stesheni ya FM haitupi ishara hiyo. Kwa hiyo nilitumia CMA (kanuni ya ukubwa usiobadilika), ambayo Treichler na Agee waliieleza mwaka 1983: wimbi la FM hutoka mnarani likiwa na ukubwa usiobadilika, basi ukubwa ukiyumba huku bondeni, kichujio hujua kuwa kuna kasoro na hurekebisha vizidishi vyake (namba ambazo huzidisha nazo sampuli) mpaka myumbo upungue.

Nilitenga stesheni moja katika GNU Radio, programu ya kuchakata mawimbi, na kupunguza sampuli hadi 300,000 kwa sekunde, kiwango ambacho sampuli moja ni sawa na kilomita moja ya safari ya wimbi. Vizidishi 16 vilinitosha. Mkwaruzo uliokuwa ukiharibu kila herufi ya "s" ya mtangazaji ulipungua sana. Nilipoongeza kwa pupa hatua ya kujifunza (kiasi ambacho vizidishi hubadilishwa kila mara), kichujio kiliparaganyika, nikabaki na mngurumo mtupu (kosa langu, si la kifaa).

Udhaifu wenyewe ni biti 8 za kugeuzia mawimbi kuwa namba, ambazo hata kwa hesabu kamili hazizidi desibeli 50 hivi kati ya ishara kubwa na ndogo. Nilipokipeleka karibu na minara ya Kololo, kilizidiwa na kuanza kuonyesha stesheni zisizokuwepo. Hapo kisawazishi hakisaidii kitu, kwa sababu hurekebisha mwangwi, si ishara iliyokatwa vichwa kwa kuzidi kipimo cha kifaa. Ilinibidi nipunguze kwa mkono ukuzaji wa ishara ndani ya kipokezi.

Antena iliyokuja nayo ni fupi mno kwa FM. Niliiweka kando, nikatumia nyaya mbili za sentimita 75 kila moja.