Wiki 12 za lishe ya kupimwa: nilichokilipia na nilichokipata

Huu ni mwaka wa 19 nashona nguo. Mteja akija kutaka gauni la kupimwa, najua ananilipa kwa lipi: futi yangu itapita mabegani, kifuani, kiunoni, na nguo itakayotoka haitamkaa mtu mwingine kama itakavyomkaa yeye. Ndiyo maana nilipoona tangazo la programu ya lishe "iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili wako peke yako", lilinigusa. Lugha ile naielewa. Nikalipa.

Sikulipa kwa ajili ya urembo. Baba yangu aliishi na kisukari miaka mingi, na mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti. Mwaka jana, nikiwa na miaka 44, kipimo changu cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa takriban miezi mitatu, kilitoka asilimia 6.1. Ukifika 6.5 unahesabiwa kuwa na kisukari. Kati ya 5.7 na 6.4 unaambiwa uko njiani kuelekea huko. Daktari alinieleza kwa upole, akaniambia nipunguze uzito na nitembee. Nje kulikuwa na foleni ndefu, nikaona haya kuuliza zaidi. Nikatoka na neno "punguza" nisijue nianzie wapi. Tangazo lile liliahidi kunionyesha pa kuanzia.

Ada ya wiki 12 ilizidi ninachotumia kulisha nyumba ya watu wanne mwezi mzima. Kampuni yenyewe siitaji. Kabla ya kulipa nilipitia tano au sita, na kwa ahadi na vifaa zilikaribiana sana.

Sanduku lililofika lilikuwa na kihisi cha sukari cha kubandika nyuma ya mkono, kiduara cha ukubwa wa sarafu kinachokaa siku 14. Kichupa cha sampuli ya choo. Na kadi ya kudondoshea damu ya kidole. Kwenye simu kulikuwa na dodoso refu, sehemu ya kuandika kila unachokula, na sehemu ya kutumiana ujumbe na mshauri. Baada ya wiki mbili za vipimo nikapewa orodha ya vyakula vyenye rangi: kijani, njano, nyekundu. Ndiyo "lishe yangu".

Nianze na kihisi, maana ndicho kinachouza programu hizi.

Usiku wa nne, saa tisa, simu ililia. Sukari 3.1 mmol/L. Nilishajifunza kwa baba kwamba chini ya 3.9 ni ya chini. Niliketi kitandani moyo ukinidunda, nikamwona baba usiku ule alipoloa jasho asitambue hata jina langu. Nikaenda jikoni gizani, nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye glasi ya maji, nikanywa nimesimama, nikakaa macho hadi kulipokucha. Asubuhi nikamwandikia mshauri. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: huenda nililalia mkono wenye kihisi. Kumbe kifaa hiki hakigusi damu. Kisindano chake chembamba kinakaa kwenye majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na ukipalalia, pale pakabanwa, namba inashuka ingawa damu yako iko salama. Jambo hilo linajulikana. Sentensi moja ndani ya sanduku ingetosha. Mtu aliyemuuguza mgonjwa wa kisukari hastahili kuamshwa vile halafu aachwe siku mbili bila jibu.

Jambo la pili nililifanya kwa mazoea ya kazi. Fundi akipima kiuno mara mbili akapata namba mbili tofauti, hagusi mkasi. Basi Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, nilikula vipande viwili vya mkate wa ngano nzima, yai la kuchemsha na chai isiyo na sukari. Sukari ilipanda hadi 9.2. Programu ikapaka mlo ule rangi nyekundu, ikanishauri niepuke mkate. Alhamisi nikala vilevile: mkate wa pakiti ileile, yai, kikombe kilekile, saa ileile. Ikafika 7.0. Kijani. Tofauti niliyoikumbuka ni kwamba usiku wa kuamkia Jumatatu nilishona hadi saa nane, na usingizi ukipungua sukari nayo hupanda. Programu haikuniuliza nililalaje. Ililaumu mkate.

Sikuwa peke yangu katika hili. Mwaka 2025 watafiti akiwemo Kevin Hall, anayejulikana sana Marekani kwa majaribio ya chakula, walichapisha matokeo ya watu wasio na kisukari waliopewa mlo uleule kwa nyakati mbili tofauti huku wamevaa vihisi. Sukari ya mtu yuleyule kwa mlo uleule ilitofautiana karibu sawa na inavyotofautiana kati ya mlo mmoja na mwingine. Kwa maana nyingine, kipimo kimoja cha mlo mmoja hakitoshi kukwambia chakula fulani "hakikufai".

Haki isemwe: wazo lenyewe si uongo. Mwaka 2015 wanasayansi wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliwafuatilia watu 800 wakaona sukari inavyopanda tofauti kati ya mtu na mtu kwa chakula kilekile. Mwaka 2020 utafiti wa PREDICT 1, uliohusisha takriban watu 1,100 wa Uingereza na Marekani, wengi wao pacha, ulionyesha kuwa hata pacha wanaofanana kabisa hutofautiana baada ya kula mlo mmoja. Miili haifanani, hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Naipima kila siku. Ninachouliza ni kama programu niliyoilipia iliupima mwili wangu kwa uhakika wa kutosha kunikatia nguo.

Jibu nililipata mezani kwangu. Shoga yangu mmoja, mwembamba, mkimbiaji, hana shida yoyote ya sukari, alikuwa ameilipia programu ileile. Tulichapisha orodha zetu, tukaziweka sambamba, tukapiga mstari kila zilipotofautiana. Katika vyakula 60 vya kwanza tulitofautiana kwa saba. Yeye ndizi mbivu kijani, mimi njano. Mimi maziwa ya mtindi kijani, yeye njano. Kilichobaki kilikuwa kimoja: maharage, mboga za majani, karanga, samaki na nafaka zisizokobolewa juu, soda, mkate mweupe, vya kukaanga na vitamu chini. Mashauri mazuri, na ni yaleyale yaliyobandikwa bure kwenye kuta za zahanati. Mimi ningemshonea mteja nguo ya saizi ya dukani nikamtoza ya kupimwa, angeirudisha, na angekuwa na haki.

Wiki ya tano ndiyo iliyonifanya niandike haya badala ya kulalamika tu. Kifurushi changu kilikuwa na mazungumzo mawili ya video na mtaalamu wa lishe aliyesomea kazi hiyo. La kwanza lilichukua dakika 40. Dada yule hakuanza na rangi. Aliniuliza, "Dada, siku yako ya kazi inaendaje, tangu unapoamka?" Nikamweleza. Chai asubuhi, halafu mashine hadi jioni, maana nikiinuka mteja anadhani kazi yake haijaguswa. Mchana biskuti mbili tatu kutoka kwenye kopo lililo pembeni ya nyuzi. Saa tatu usiku ndiyo nakula, nakula sana, kisha nalala.

Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kopo hilo nani analijaza?"

Mimi. Kwa ajili ya wageni, nilimwambia, na nilipokuwa nalisema hilo nikajua kwamba wageni hawajawahi kulimaliza.

Hakunikaripia. Tulipanga mambo matatu: chakula cha mchana cha kweli saa saba, hata kama ni kiporo cha jana, kopo lihamie kabatini, mbali na mkono, na baada ya chakula cha usiku nitembee dakika 15 kabla ya kuketi. Akaniambia nisibadilishe kingine chochote kwa wiki tatu. Tulipokutana mara ya pili alikumbuka habari za kopo kabla sijalitaja. Hicho ndicho kipimo kilichonikaa.

Baada ya wiki 12 nilikuwa nimepungua kilo 3.8. Kiuno, kwa futi yangu mwenyewe, kilitoka sentimita 98 hadi 94. HbA1c ya hospitali ilishuka hadi 5.8. Kampuni iliniomba niandike ushuhuda kwamba "sayansi ya mwili wangu" ndiyo iliyofanya kazi. Nilikataa, kwa sababu kwa wiki saba za mwisho sikuifungua ile orodha ya rangi zaidi ya mara chache.

Baadaye nikakuta kwamba swali hili lilishapimwa kwa watu wengi. Jaribio la Food4Me liliandikisha watu wazima karibu 1,600 katika nchi saba za Ulaya kwa miezi sita. Wengine walipewa ushauri wa jumla. Wengine ushauri uliotokana na wanavyokula, wengine ukaongezewa vipimo vya mwili na damu, wengine ukaongezewa na vinasaba. Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kuwa ushauri unaomlenga mtu ulishinda ule wa jumla. Ila kuongeza damu na vinasaba hakukuleta faida zaidi ya kumwangalia mtu anakula nini. Nilipoisoma hiyo nilirudi kuisoma tena. Sehemu ya bei nafuu ndiyo iliyofanya kazi.

Upande wa vinasaba kuna pia jaribio la DIETFITS la Marekani, lililotolewa mwaka 2018: watu 609, mwaka mzima, wengine wakipunguza mafuta na wengine wanga. Vinasaba vilivyodhaniwa kuonyesha nani afuate njia ipi havikutabiri chochote. Na kampuni ya ZOE, ambayo siyo niliyoilipia mimi, ilifadhili jaribio la programu yake kwa watu 347 kwa wiki 18, likachapishwa mwaka 2024. Aina moja ya mafuta ya damu, triglisaraidi, ilishuka zaidi kuliko kwa waliopewa mwongozo wa jumla. Lehemu mbaya, LDL, haikuonyesha tofauti ya maana. Si haba, lakini si muujiza.

Kuna mambo mawili yaliyonikera kabisa. Wiki ya sita nilianza kuletewa ujumbe wa vidonge vya virutubisho "vilivyochanganywa kwa ajili yangu", eti kutokana na sampuli ya choo. Hakuna aliyepima kama nina upungufu wa madini ya chuma au vitamini yoyote. Anayekwambia unapungukiwa na nini asiwe ndiye muuza dawa ya upungufu huo. Waliongeza na kipimo cha damu cha "vyakula visivyopatana nawe", kile kinachotazama kingamwili za IgG. Wataalamu wa mzio wa Ulaya, kupitia chama chao cha EAACI, walishaeleza mwaka 2008 kwamba kingamwili hizo zinaonyesha mwili umeshakutana na chakula hicho, wala si kwamba chakula kinakudhuru. Watu wanaacha maziwa, mayai na ngano kwa karatasi ile. Mzazi akiifuata kwa mtoto anayekua, madhara yake ni makubwa.

La pili ni taarifa zangu. Kwenye masharti, mahali pa mbali sana, nilikuwa nimekubali vipimo vyangu vitumiwe na "washirika". Kampuni ya vinasaba ya 23andMe ilipoomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, mamilioni ya wateja walijikuta wanauliza mate yao waliyotuma yatakuwa mali ya nani. Nimeandika kuomba vyangu vifutwe. Nilipojiondoa pia walinikata ada ya mwezi mmoja zaidi. Ilirudishwa baada ya barua tatu.

Kwa hiyo, ulipe? Ukiwa na ugonjwa wa figo, ugonjwa wa siliaki (utumbo unaodhurika kwa gluteni iliyo kwenye ngano), kisukari cha ujauzito, au unachoma insulini, unahitaji lishe yako binafsi kweli, na ya kupewa na mtaalamu aliyesajiliwa anayezungumza na daktari wako. Kwa anayetumia insulini kihisi ni kitu cha thamani kubwa, usikiweke kapu moja na ninachokisema hapa. Ukiwa kama mimi, uko njiani tu kuelekea kisukari, jua kwamba jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2002 lililohusisha watu 3,234 lilipunguza kuugua kisukari kwa asilimia 58 kwa kulenga kupungua asilimia 7 ya uzito na kutembea au mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, washiriki wakishikwa mkono na mshauri binadamu. Hakukuwa na kihisi wala sampuli ya choo.

Fedha ile ningeipeleka kwenye vikao vinne au vitano na mtaalamu wa lishe, nikamweleza siku yangu tangu kuamka. Sasa ndivyo ninavyofanya, kikao kimoja kila miezi mitatu, na kila kimoja anaanza kwa kuuliza habari za saa saba mchana. Wateja wangu wameshazoea. Wakikuta kitambaa kimefunika mashine wanajua nakula, na wengine huketi wakanisubiri.