Wikiendi na kamera katika Milima ya Udzungwa: tathmini ya huduma ya kuongozwa msituni

Mpiga picha aliyezoea Mikumi au Serengeti, ambako huketi ndani ya gari akisubiri wanyama wajitokeze kwenye nyasi, akifika Udzungwa itambidi aanze kujifunza upya, kwa sababu katika msitu huu watalii hawazungushwi kwa magari na kila picha hutafutwa kwa miguu. Nilifika Mang'ula Ijumaa jioni, mwishoni mwa Agosti, nikitokea Dar es Salaam kupitia Mikumi na Kidatu. Nililala usiku mbili, na Jumamosi na Jumapili nilitembea na mwongozaji mmoja yule yule kuanzia asubuhi hadi alasiri. Tathmini hii inahusu zaidi kazi ya mwongozaji huyo, kwa kuwa bila yeye ningerudi mjini na picha za majani.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo misitu yake imetengana na misitu mingine ya Afrika kwa muda mrefu mno hata ikalea viumbe wake yenyewe. Wawili kati yao ndio walionivuta: mbega mwekundu, ambaye maskani yake ni milima hii na misitu michache iliyo jirani nayo, na nyani wa Sanje, ambaye wenyeji humwita ngolaga na ambaye wanasayansi hawakumtambua hadi mwaka 1979. Huyu wa pili hapatikani popote duniani nje ya Udzungwa.

Mbega wekundu tuliwapata mapema Jumamosi, umbali mfupi tu kutoka lango la Mang'ula, kundi kubwa likila majani machanga juu ya mti uliokuwa umeanza kuchipua. Kuwaona ni rahisi. Kuwapiga picha nzuri ni kazi nyingine kabisa. Wanakaa juu, mbingu nyeupe ikiwa nyuma yao, na kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe humgeuza mnyama kuwa kivuli cheusi. Mwongozaji wangu si mpiga picha, lakini ameshatembea na wapiga picha wengi na anaelewa wanachohitaji: bila kuulizwa alinipandisha kwenye mteremko uliokuwa upande wa pili wa kijito, mahali ambapo kimo cha ardhi kilitulinganisha na matawi ya kati, na nyuma ya mbega hapakuwa tena na mbingu bali ukuta wa majani ya kijani. Kutoka hapo niliona mambo ambayo nilikuwa sijawahi kuyaona kwa macho yangu: utosi wa rangi ya kutu iliyokolea, kifua cheupe, na mkono usio na dole gumba, vidole vinne virefu vikiwa vimelining'inia tawi kama ndoana. Nilitumia ISO 3200 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde, na hata hivyo picha kadhaa zilitoka na ukungu wa mtikisiko.

Ngolaga alitaka subira ya namna nyingine. Tulisikia sauti yao kabla ya saa tano, mlio mzito unaopanda kisha kukatika, nami kwa pupa nikaanza kuufuata. Mwongozaji alinigusa begani akasema kwa sauti ya chini, "Dada, usimfuate. Kaa hapo chini, atakuja mwenyewe." Tuliketi kwenye mizizi ya mti mkubwa kwa muda uliokaribia saa nzima, yeye akinionyesha kwa kidole tu mahali majani makavu yalipokuwa yakitikisika. Hatimaye dume mmoja alitokea hatua zisizozidi kumi kutoka tulipokuwa, manyoya ya kijivu, uso wenye rangi ya waridi iliyofifia, akipekua majani kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka mkekani. Aliokota mbegu, akaitia kinywani, akatutazama, akaendelea na kazi yake. Nilipiga picha 14 na moja tu ndiyo nitakayoichapisha kwa ukubwa na kuitundika ukutani. Sijutii hata dakika moja ya kule kuketi.

Nimewahi kuongozwa kwingineko na watu wanaopiga mluzi au kutikisa matawi ili mnyama ageuze uso. Huyu hakufanya hivyo hata mara moja, na kundi jingine la wageni lilipofika likiongea kwa sauti, aliwaomba kwa adabu wanyamaze, nao wakamsikia. Kwangu mimi, sifa hiyo peke yake inatosha kumpendekeza kwa mtu yeyote anayewajali wanyama anaowapiga picha.

Jumapili tulipanda Maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu. Njia ni ya kupanda kweli kweli, na mwenye tripodi nzito (kile kiti cha miguu mitatu cha kamera) ataihisi magotini. Ukifika juu, picha kubwa kupita zote haiko kwenye maji bali nyuma yako: Bonde la Kilombero limetandazwa chini, mashamba ya miwa yamefika hadi karibu na miguu ya mlima, na mpaka kati ya msitu na miwa umenyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu. Nililitazama bonde hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyoyatazama maporomoko, kwa sababu linaonyesha waziwazi jinsi nafasi waliyobakiwa nayo wale mbega ilivyo finyu.

Malazi ndiyo yaliyoniangusha. Nyumba ya wageni niliyofikia ni safi na wahudumu wake ni wakarimu, lakini niliomba chai ya saa kumi na mbili kasoro nikaahidiwa, na siku zote mbili jiko liliwashwa baada ya saa moja. Kwa mtalii wa kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa mpiga picha ni kupoteza mwanga laini wa alfajiri, saa ambayo hondohondo huruka kutoka msituni kuelekea bondeni. Siku ya pili niliondoka na ndizi mbili na maji. Umeme nao ulikatika usiku wa Jumamosi, na betri yangu ya akiba haikujaa.

Atakayekwenda namshauri aache nyumbani lenzi ndefu isiyoingiza mwanga wa kutosha na abebe fupi kidogo inayofunguka hadi f/2.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, kwa kuwa chini ya miti ile mwanga una thamani kuliko umbali. Achukue pia mfuko usiopitisha maji na viatu vyenye meno, hata wakati wa kiangazi. Mimi nimeshazungumza na mwongozaji yule yule kuhusu safari ya kupanda kilele cha Mwanihana na kulala kambini, ili alfajiri itukute tayari tukiwa ndani ya msitu.