Tanki kubwa ya mimea nyumbani Kisumu: nini ununue, nini uachie hoteli

Mtu akiamua kuweka tanki kubwa ya mimea na samaki kwa sebule, kitu ya kwanza anataka ni kina. Ameona ile ya lobi ya hoteli imeenda juu sana, ameipenda, anaenda kwa fundi anasema nitengenezee futi 3 kwenda chini. Mimi nasema hapana, na mwongozo huu wote umekaa juu ya hiyo hapana. Pesa yako iende kwa upana, yaani kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, iende kwa taa, na iende kwa kitu ya kuwapa samaki hewa stima ikipotea. Kina kikipita futi 2 kinakula pesa kila mahali na mimea haifaidiki nacho.

Hebu hesabu kidogo. Tanki ya futi 4 kwa 2 kwa 2 ni kama sentimita 120 kwa 60 kwa 60, inabeba lita 430 hivi. Ikijaa, kioo cha mbele kinasukumwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 215. Sasa fanya kina kiwe futi 3, urefu ubaki ule ule, unafika karibu kilo 485. Kina umeongeza nusu tu lakini nguvu imezidi mara mbili, juu presha inapanda vile unashuka. Hapo kioo cha milimita 12 hakitoshi tena, unaingia 15 hadi 19, na hiyo si kioo utakatiwa dukani ukingoja. Halafu kuna mkono. Wa mtu mzima kutoka kwapani mpaka kwa vidole ni kama sentimita 70, sasa kule chini sentimita 90 utapanda mche vipi bila kuogelea?

Kwa hivyo saizi ninayopendekeza ni futi 4 urefu, futi 2 upana, na kina inchi 20 mpaka 24. Ukiwa na nafasi na pesa, ongeza urefu au upana, kina kiache hapo.

Sasa tanki zenyewe, nikizipanga kutoka ile ningenunua kwanza.

Namba moja ni ya kutengenezwa na fundi wa vioo hapa hapa mjini. Kioo huwa kinauzwa kwa futi ya mraba, na hiyo saizi inakula futi 32: chini 8, mbele na nyuma 16, pembeni 8. Uliza kwanza bei ya futi moja ya milimita 12, piga hesabu yako, ndio fundi akikutajia jumla ujue ufundi wake anauthamini ngapi. Mwambie unataka mikanda ya kioo juu kuzunguka, na kingo zote zisuguliwe, juu utakuwa unaingiza mkono hapo kila wiki. Silikoni ndio watu hudanganywa. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa ya kuzuia ukungu na hiyo dawa haifai samaki kabisa, kwa hivyo taka iliyoandikwa ni ya akwariamu, au silikoni asilimia 100 isiyo na hiyo dawa, na uione ikiwa bado na kifuniko chake. Itanuka siki ikikauka, hiyo ni kawaida, ipe wiki nzima kabla ya maji.

Ukienda kuichukua usiangalie kioo, angalia maungio. Inama, chungulia kwa pembe ukiwa na tochi ya simu: mstari wa silikoni kati ya vioo viwili unafaa uwe umejaa, hauna mapovu yamejipanga kutoka ndani mpaka nje. Povu moja moja si shida, lakini msururu wa mapovu ni njia ya maji, hata kama leo haijavuja. Halafu ijaze kwanza kwa veranda, sio kwa sebule, ikiwa imekaa juu ya foam, tandika gazeti kavu kuzunguka chini yote na uiache siku tatu nne. Tone likianguka gazeti litakuambia ni kona gani.

Namba mbili ni mitumba ya tanki, watu wanahama, ofisi zinafungwa, na mara nyingi inakuja na stendi na filta, hiyo peke yake inaweza kukuokolea pesa nyingi. Lakini bonyeza silikoni ya ndani na ukucha. Ikibanduka ama imekuwa nyeupe na ngumu, hesabu gharama ya kupaka upya kwa ile bei unabishania. Iliyokaa kavu nje kwa jua muda mrefu, mimi ningeipita.

Tatu ni zile seti za nje zinazokuja na kabati na mfuniko. Zinapendeza, sikatai, ila taa ya kwa mfuniko ni ya kuonea samaki sio ya kukuza majani, na nyingi ni nyembamba kwenda nyuma, sentimita 40 hivi, kwa hivyo ule mpangilio wa mimea ya mbele, katikati na nyuma unakosa pa kukaa. Nne ni akriliki, ile plastiki ngumu inayoonekana kama kioo. Kwa unene ule ule ni chini ya nusu ya uzito wa kioo na inaonyesha safi, lakini chembe moja ya mchanga ikiingia kwa sponji unaposugua, huo mkwaruzo mtaishi nao. Ya mwisho ni ukuta wa mawe ya simiti na kioo kimoja mbele. Simiti inatoa chokaa, pH (kipimo cha asidi ya maji) inapanda, lazima uipake kitu cha kuziba na uisafishe mara nyingi. Hiyo achia hoteli.

Stendi nitapita haraka. Maji, kioo karibu kilo 86, mchanga na mawe, zote pamoja unaongea kilo 600, ni kama watu wanane wazima wamesimama mahali pamoja na hawahami. Nyumba ya chini yenye sakafu ya zege, sawa. Ukiwa gorofani, iweke kando ya ukuta unaobeba nyumba na uongee na mtu anayejua jengo kabla ya kulipa fundi chochote. Stendi ya chuma cha square tube kutoka kwa jua kali wa soko la Kibuye inatosha kabisa, mradi uiweke pima maji pande zote na utandike foam juu yake, tanki isikae kwa chuma moja kwa moja.

Taa sasa. Hapa ndipo ningemwaga pesa.

Mwanga ukishuka futi 2 unatawanyika, mwingine unapotelea kando, na majani ya juu yanaziba ya chini. Lenga kama lumeni (kipimo cha mwanga, huandikwa kwa boksi) 20 mpaka 30 kwa kila lita, yaani 9,000 hadi 13,000 kwa tanki ya lita 430. Namba moja ni LED za mimea zenye kupunguza mwanga, zinaning'inia juu ya maji. Namba mbili, na kusema kweli kwa thamani ya pesa hii ndiyo ya kwanza, ni taa mbili za LED za sekyuriti za wati 50 kila moja, zile za kuweka kwa geti, zilizoandikwa 6500K, yaani mwanga mweupe kama wa mchana. Si za urembo, na za bei ya chini kabisa mwanga wake haufiki ule umeandikwa kwa boksi, lakini zinakuza majani. Mirija ya T5, zile florosenti nyembamba, ni ya tatu, inafanya kazi ila inabidi ubadilishe mirija mara kwa mara. Zile strip za buluu na pinki wachia baa.

Wati 100 kwa saa 8 ni uniti 0.8 kwa siku, kama 24 kwa mwezi, zidisha na bei yako ya token. Nunua taima pia, ni ya bei rahisi, na uanze na saa 6 tu mpaka mimea ishike, la sivyo ni mwani utakuwa unafuga.

Filta: kwanza ni kanista, yaani filta ya mtungi uliofungwa, ya lita 1,600 mpaka 2,000 kwa saa, inakaa chini kwa stendi na haisumbui. Lakini omera, stima ya huku tunaijua. Kanista ikizima masaa mengi, maji ya ndani yanaishiwa hewa na wale bakteria wa kusafisha wanaanza kufa, ukiiwasha hivyo hivyo inarudisha uchafu wote kwa samaki. Ifungue kwanza, suuza na maji ya tanki, sio ya mfereji, juu klorini itamaliza bakteria waliobaki. Ndio maana namba mbili kwa orodha yangu, filta ya sponji na pampu ya hewa ya betri, hata ukiwa na kanista inunue. Kati ya hita na hiyo pampu, mtu wa Kisumu achukue pampu bila kufikiria mara mbili, hapa maji yenyewe yako na joto la kutosha. Walio Nakuru au Eldoret hesabuni hita, huko usiku ni baridi kweli.

Udongo wa chini, kwa bei, ushindi ni wa udongo wa bustani usio na mbolea, uchekeche, tandika inchi moja, kisha funika na mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke safi, inchi moja na nusu. Ule wa kutoka nje ni bora zaidi lakini kutandika sentimita 8 kwa tanki hii unataka lita 58 hivi, yaani mifuko sita au saba ya lita 9, na hapo utahisi. Black cotton, ule udongo mweusi unaonata, ya kutoka Kano msiweke, ukichokora kidogo tu maji yanachafuka. Kuinua mgongo wa nyuma tumia lile jiwe jepesi la volkano la kusugulia miguu, liwe ndani ya neti chini ya udongo ndio lisielee. Mawe mengine yatie ndimu kwanza: likitoa povu lina chokaa kama ya Koru, litapandisha ugumu wa maji, liache.

CO2, ile gesi ya kulisha mimea, si lazima. Kwa Anubias, java fern, Cryptocoryne na Vallisneria, ambazo zote zinavumilia mwanga wa wastani, tanki ya futi 2 inaenda vizuri bila mtungi. Ukitaka mimea myekundu na zulia la majani mbele, basi nunua mtungi na regyuleta nzuri yenye kujizima pamoja na taa. Ile ya chupa ya sukari na hamira kwa lita 430 ni kujisumbua.

Na mimea nunua, usiende kung'oa ziwani. Vallisneria inamea Ziwa Victoria, najua, lakini kichocho kinaingia kwa ngozi ukisimama tu kwa hayo maji, na utarudi na konokono juu. Ukipunguza majani yako pia, yatupe shimoni ama shambani, gugumaji lenyewe lilitoka Amerika Kusini na mnaona vile limetufanyia.

Samaki wawe wa mwisho, wiki nne mpaka sita baada ya maji kuingia, wachache wachache. Tilapia atakula bustani yote, na fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, wengi wanachimba. Guppy, molly na tetra wako sawa.