Kalesa za Intramuros, Manila: panda, ila patana bei kwanza

Hizi ni gari za farasi zinazozungusha wageni ndani ya Intramuros, mji wa kale wa Manila, Ufilipino, ambao Wahispania waliuzungushia kuta. Kwato zinagonga barabara, unapita ngome ya Fort Santiago, unapita kanisa la San Agustin lililokamilika mwaka 1607, na mwendeshaji ana hadithi zisizoisha. Kama matembezi, sina neno.

Shida ni malipo. Wangu alitaja bei kabla sijapanda. Tulipofika mwisho ikageuka kuwa bei ya kila nusu saa, tena kwa kila kichwa! Sikupandisha sauti. Huku kumwaibisha mtu mbele za watu ni jambo zito, na ukifoka, hata aliyekuwa upande wako anakugeuka. Nilitabasamu, nikampa tulichokubaliana, nikasogea alipo mlinzi. Maneno yakaisha.

Kwa hiyo uliza mapema: jumla peso ngapi, watu wangapi, muda gani, mnaishia wapi. Aandike mwenyewe kwenye simu yako. Beba noti ndogo, maana "sina chenji" haikosekani.

Kurudi hotelini niliita Grab, teksi ya kuagiza kwa programu ya simu, bei nikaiona kabla ya safari. Jipni, yaani basi dogo la abiria la huku, ndiyo rahisi zaidi: nauli inapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, chenji inarudi vivyo hivyo, na sikuona abiria akidokoa hata senti.

Kalesa naipa nyota tatu kati ya tano. Moja kati ya hizo ni ya farasi.